Kengele Niliyoipunguza Sauti

Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya ni ile ya kuunganisha kengele ya geti na simu za mezani, katika nyumba moja ya shirika pale Ngara mjini. Ndiyo pia kazi ninayoijutia. Vijana wa siku hizi wakiniuliza namna ya kuifanya, nawajibu kwa mkato, tena kwa ukali, halafu najifanya nina haraka ya kwenda mahali. Nitaieleza hapa mara moja, kisha nisiulizwe tena.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mjini kwetu kila nyumba yenye bati jipya na choo cha ndani ilikuwa imekodishwa na shirika fulani, na kila shirika lilitaka simu. Mimi nilikuwa fundi simu wa kujitegemea. Niliishi kwa bisibisi, koleo na waya, nikizunguka kati ya Ngara na Biharamulo, na sitajidai unyenyekevu: nilijua kazi yangu, na nilipenda watu wajue kwamba najua. Asili yetu ni watu wa pwani. Babu yangu alifika Biharamulo na marobota ya nguo za kuuza, akafungua duka, hakurudi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili tu, na lugha za majirani tulizijua za kununulia ndizi.

Mke wangu alikuwa mkimbizi, ingawa mjini hakuna aliyejua. Nilimkuta akiuza maharage kando ya barabara, kwenye soko la Nyakahura. Nikanunua maharage nisiyoyahitaji kila nilipopita, mpaka siku moja akaniuliza kwa uso mkavu kama nyumbani kwangu ninalisha shule. Mkimbizi alitakiwa kukaa kambini. Kwa hiyo nilipomwoa niliwaambia watu kwamba ni Mhangaza, mwenyeji wa huku kwetu, wa Mugoma, nao wakanikubalia. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, na Wahangaza wenyewe, waliokuwa wakimsikia wazi kwamba si mwenzao, walikuwa na adabu ya kutouliza.

Kabla yangu alikuwa na mume, akauawa vitani. Alibaki na mtoto mmoja wa kiume na baba mkwe. Siku waliyokimbia, yeye mwenyewe alikuwa na homa kali, hajiwezi, na mzee ndiye aliyembeba mtoto mgongoni. Kwenye kivuko cha mto watu wakasukumana, wakapotezana. Mzee alionekana kesho yake, amekufa. Mtoto hakuonekana, si mzima si maiti. Alikuwa na miaka minne, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la uji wa moto kutoka kiwikoni mpaka karibu na kiganja. Haya yote mke wangu alinieleza mara moja tu, mwaka tuliooana, akiwa amegeukia ukuta.

Sikumuuliza mtoto aliitwa nani. Nitasema ukweli wangu: nilikuwa na wivu. Nilimwonea wivu marehemu, mtu ambaye hata kaburi lake halijulikani. Sikutaka jina lake wala la mwanawe litajwe nyumbani kwangu, na nilipoona mke wangu halitaji nilifurahi, nikadhani ananihurumia. Kwa miaka mitano mtoto yule alikuwa "yule mkubwa", basi. Binti yetu alipozaliwa akawa "mdogo", na hivyo ndivyo kijana nisiyemjua alivyokuwa na nafasi yake katika nyumba yangu bila kuwa na jina.

Sasa ikatokea kwamba bibi mmoja wa Kibimba alikwenda Nyakahura kumtembelea binti yake. Bibi huyu alitoka kilima kimoja na mke wangu, maana kwao kilima ndicho kijiji, lakini yeye aliingia nchini na wimbi la zamani, kabla mimi sijaanza shule, akapata shamba, akawa mwenyeji. Huko Nyakahura akapita kuuza ndizi kwenye kituo cha watoto waliopotezana na wazazi, akamwona mvulana wa kama miaka kumi na moja, ana kovu mkono wa kushoto. Akasikia wenzake wanavyomwita. Hakungoja hata kumaliza kuuza ndizi zake. Alifika kwetu miguu imevimba, akakaa chini, akamwambia mke wangu kwa Kirundi maneno machache. Mke wangu akakaa chini naye, na nilidhani anazimia.

Kituoni hawakumwonyesha mtu mtoto bila karatasi kutoka ofisi ya shirika lao. Ofisi hiyo ilikuwa Ngara mjini, katika nyumba ileile niliyokuwa nimeitwa kufanya kazi wiki hiyo. Nikasema bahati imetuangukia. Hebu ona jinsi mtu anavyoweza kusema neno.

Hapo awali mambo ya pale getini yalikuwa hivi. Nje ya ukuta palikuwa na benchi refu, na mzee mmoja mlinzi mwenye daftari. Watu walikaa, wakasalimiana, wakaulizana kilima cha kila mmoja, na mzee akaandika wanayotafuta. Palikuwa na kelele, maana anayeeleza shida yake alisaidiwa na benchi zima. Bosi, Mzungu mrefu asiyelala vizuri, alisema hali hiyo haiwezekani. Watu waligonga geti mchana kutwa, na simu nazo zililia mchana kutwa, na wakati mwingine makao makuu yalipiga yasipokelewe kwa sababu karani alikuwa nje anasuluhisha jambo. Alitaka kisanduku getini, chenye kitufe na spika, na mtu akibonyeza zilie simu zilezile za mezani. Tena alitaka, kabla ya kunyanyua mkono wa simu, ajue nani anapiga: makao makuu au geti.

Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu, na ndiyo iliyonivimbisha kichwa. Simu zake zilikuwa mpya, zenye kioo kidogo cha kuonyesha namba ya anayepiga. Lakini kisanduku cha getini hakina namba. Nilipokiunganisha moja kwa moja kwenye laini, simu zililia vizuri na kioo kikabaki kitupu, kwa hiyo geti lilifanana na mtu yeyote aliyepiga bila namba yake kuonekana. Siku mbili nilihangaika. Siku ya tatu nikakipitisha kwenye swichibodi ndogo, kama vile kisanduku ni simu mojawapo ya ndani ya nyumba, nikakipa namba tisa. Namba hupita kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Ukiwahi kunyanyua, huoni kitu. Basi nikawafundisha wasiwe na pupa, wangoje mlio wa pili, ndipo watazame. Ikitokea tisa, ni geti.

Benchi likaondolewa, mzee akahamishiwa bohari. Nilibeba upande mmoja wa benchi mimi mwenyewe.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, "Ijumaa ninamaliza. Jumatatu nenda, bonyeza kitufe, utajibiwa."

"Si twende wote?" akauliza.

"Watauliza wewe ni nani kwangu."

Alinitazama kidogo tu, akaendelea kumfunga mdogo mgongoni. Alielewa. Nilikuwa nimewaambia watu ni Mhangaza wa Mugoma; leo nikimpeleka nikiwa nimemshika mkono kutafuta mtoto wa wakimbizi, kesho angerudishwa kambini na mimi ningekosa kazi katika nyumba zote zile. Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Neno fupi zaidi ni woga.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye korido, nimepiga magoti mbele ya swichibodi nafunga skrubu za mwisho, niliposikia simu ya karani inalia. Alipokea, akazungumza kwa muda, sikusikia vizuri. Nilipoingia chumbani kwake alikuwa ameshaweka chini. Alikuwa binti mpole, kila siku alinitengea chai, na sina la kumlaumu.

"Kuna mama getini hataki kutaja jina," alisema. "Nimemuuliza mpaka nimechoka. Daftari langu limepangwa kwa majina, nitafanyaje?"

Kabla sijajibu simu ikalia tena. Akanyoosha mkono, nikamzuia kwa kidole, kama mwalimu. Mlio wa pili. Tisa ikatokea kwenye kioo, nyeusi, imenyooka. Tuliinama wote wawili tukaitazama. Bosi naye alitoka chumbani kwake kuja kuona, na wakati huohuo laini ya nje ikaita, kioo cha simu ya pili kikaonyesha namba ndefu ya makao makuu. Akaipokea hiyo, akanigonga bega kwa furaha huku anaongea. Ile tisa ikaendelea kulia mpaka ikakoma.

Ikalia tena. Karani akasema, "Ni yule yule. Fundi, haiwezi kupunguzwa sauti? Bosi anaongea na wakubwa."

Chini ya simu palikuwa na gurudumu dogo la sauti. Nikalizungusha kwa kidole gumba. Mlio ukawa mdogo, kama nzi ndani ya kopo. Ulikuja, ukakoma, ukaja tena, ukakoma, na mimi nilikuwa nimekaa pale nakunywa chai, nimeshiba sifa. Geti lilikuwa la bati zima, halina tundu. Sikuwa na sababu ya kwenda kutazama na sikwenda.

Jioni, jua halijazama, nilimkuta mke wangu amekaa mbele ya mafiga yasiyo na moto. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kizuri tu, lakini akiwa na uchungu l zote ziligeuka r.

"Nirishindwa kungoja Jumatatu," alisema. "Nimeenda reo."

Nikautua mkoba wangu wa vifaa.

"Sauti ikaniuriza jina ra mtoto. Nikasema, anaitwa kama baba mkwe wangu. Ikauriza, baba mkwe anaitwa nani."

"Ukasemaje?"

"Ningesemaje?"

Ndipo nikaelewa jambo ambalo mume mwingine yeyote angelijua tangu mwaka wa kwanza. Kwao mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa hai, halitaji akiwa amekufa, na hata neno la kawaida linalofanana na jina hilo hulikwepa, akatafuta lingine. Mzee yule alikuwa ameomba mjukuu abatizwe jina lake. Kwa hiyo mke wangu hakuwahi hata siku moja kumwita mwanawe kwa jina lililoandikwa kanisani; alimwita kwa majina ya kumbembeleza, ya ndani. Na mzee huyo ndiye aliyekufa akiwa amembeba mtoto wake. Kulitamka jina lile mbele ya bati, mbele ya kisanduku, kwa mtu asiyemwona, kwake kulikuwa ni kumkanyaga mzee.

Kwenye benchi lisingekuwa jambo. Angekaa, angesema kilima chake, na mwanamke mwingine wa upande ule angelitaja jina kwa niaba yake. Wanawake wa kwao hufanyiana hivyo kila siku, bila hata kufikiri, kama kupokezana kata ya maji. Mimi ndiye niliyebeba lile benchi. Pahali pake niliweka tundu moja la kusemea mdomo mmoja.

Ungedhani nilimwomba radhi. Nilimfokea. Nilimwambia jina ni jina tu, halina meno, na achague kati ya mtoto aliye hai na mzee aliyekwisha kuoza. Nilisema neno hilo, kuoza. Baadaye sana akasema, kana kwamba anaongea na mafiga, "Nikabonyeza tena. Nikabonyeza tena. Nirikuwa nasikia inaria."

Nikainama kuwasha moto.

Ofisi haikufunguliwa Jumamosi wala Jumapili. Karani nilijua anapokaa. Ni mwendo wa robo saa kutoka kwetu. Ningeweza kwenda kumgongea, nikamwambia, dada, yule mama wa jana ni mke wangu. Nilifika mpaka kwenye kona ya njia yao, nikarudi. Nilijiambia kwamba baada ya miaka saba siku mbili si kitu. Badala yake nilikwenda Kibimba kumwomba bibi aje Jumatatu atusaidie kutaja jina, na nikajiona mtu mwenye busara.

Jumatatu tulikwenda watatu. Bibi alisimama mbele ya kisanduku na kanga yake safi, mke wangu akasogea mbali kidogo ili asisikie jina likitajwa. Nilibonyeza kitufe. Baada ya mlio wa pili, kama nilivyowafundisha, sauti ya karani ikasema, "Nani?" Bibi akaniangalia. Alikuwa hajawahi kuulizwa "nani" na mtoto wa watu kabla ya kusalimiwa, akawa anangoja salamu. Nikasogeza mdomo mimi. "Ni fundi." Geti likafunguliwa palepale.

Ndani, karani alipomwona bibi alisimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu, na ndipo akataja jina. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia kuwa ni la mtoto yule. Ni jina la kawaida kabisa. Nimelisikia mara elfu kabla na baada ya hapo. Karani akafungua daftari lake, akashusha kidole, akakiacha mahali pamoja muda mrefu.

"Amepanda gari Jumamosi," akasema. "Kundi la watoto wasio na mtu wa kuwadai limevushwa mpaka, wanapelekwa kwenye vituo vya kwao. Orodha ilifungwa Ijumaa jioni."

Nikamuuliza, kama mtu ambaye hakuwapo, "Kama angetokea mtu Ijumaa?"

"Ningemfuta kwa kalamu tu, ngoja nikuonyeshe, hivi." Akapitisha kalamu hewani juu ya karatasi. "Lakini Ijumaa hakuja mtu."

Sijui kama alikuwa amesahau au hakuhesabu sauti isiyo na jina kuwa ni mtu. Sikumkumbusha. Simu ilikuwa pale mezani kati yetu, na gurudumu lake lilikuwa bado pale nilipoliacha.

Yaliyofuata ni mafupi. Shirika liliandika barua, ikajibiwa kwamba watoto wamefika. Tukaandika ya pili. Kabla haijajibiwa vita vikafika sehemu ile, kituo kikatawanyika, kila mtoto akashika njia yake. Tulituma watu. Amani iliporudi tulikwenda wenyewe, mimi na yeye, tukazunguka wiki mbili tukiwatazama vijana mikono yao ya kushoto. Tulionyeshwa makovu mengi. Hatukumpata, na sasa sidhani tena kwamba tutampata. Siku hizi hata yeye hasemi "yule mkubwa". Nikiwa peke yangu nalitamka lile jina, maana mimi hakuna anayenikataza, lakini halina wa kuitika.

Ila kuna jambo moja lililonibakia kooni, nalo ni la Jumatatu ileile. Tulipotoka getini, bibi akiwa ametangulia, mke wangu alisimama. Hakuwa analia. Aliuliza taratibu, kama anayeuliza njia:

"Irikuwa inaria huko ndani?"

Nilijua anachouliza. Alitaka kujua kama watu walimsikia wakamwacha.

"Hapana," nikasema. "Baada ya mara ya kwanza waya ulikatika. Ule mlio uliokuwa ukiusikia ulikuwa wa hapohapo getini. Ndani palikuwa kimya."

Nilisema hivyo mimi, niliyekuwa nimejisifu mji mzima kwamba waya zangu hazikatiki. Alivuta pumzi, akanishika mkono barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu. "Basi usijiumize," akasema. "Mashine ni mashine tu."

Amewasimulia wengi tangu hapo, dada zake wa kambini, majirani, mpaka binti yetu alipokua akauliza: waya ulikatika, na mume wangu maskini alikuwa ndani, hakujua. Nimeyasikia mara nyingi nikiwa nimekaa pembeni. Mwaka juzi nilishindwa kuvumilia. Nikamketisha chini, nikamweleza yote, mlio wa pili, tisa kwenye kioo, gurudumu, kidole changu. Sikuficha hata chai. Nilitaka anitukane, au afungashe virago vyake aende, chochote.

Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa.

"Unajitwika tu mzigo usio wako," akasema. "Wewe ninakujua. Ungesikia, ungekimbia kunifungulia."